Gari likiharibika mfululizo: namna ya kuwategemea marafiki bila kuwachosha

Gari langu lilizima mara tano ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza lilikuwa uani kwangu, Kimara, saa kumi na mbili asubuhi: niliwasha, stata ikalia tik tik tik, taa za dashibodi zikafifia, kimya. Mara ya pili kituo cha mafuta Mbezi. Mara ya tatu Kariakoo, nimebanwa na magari mbele na nyuma. Ya nne ndiyo iliyonitia hofu: usiku, tumeshaipita Kibaha kurudi Dar kutoka msibani, mama mkubwa kakaa kiti cha nyuma. Ya tano ilinikuta kwenye geti la kazini. Siku hiyo nilikaa ndani ya gari nikipitia majina kwenye simu na nikashindwa kumpigia mtu yeyote, kwa sababu kila niliyemfikiria nilikuwa nimeshamsumbua.

Gari likikuzimikia siku moja, msaada haukosekani. Hata usiyemjua atakusukuma hadi pembeni, akufutie jasho kwa maneno mawili ya pole, aende zake. Kazi ipo pale linapozima tena Jumatatu, na Alhamisi, na Jumapili. Hapo ndipo mtu anaanza kuona aibu, anawaficha rafiki zake hali halisi, anaahidi kwa fundi asichonacho, na mwisho anaendesha gari asilopaswa kuliendesha.

Nilichojifunza katika wiki zile ni kwamba marafiki wana kazi mbili. Ya kwanza ni kukutoa barabarani. Ya pili ni kukusaidia kujua kwa nini uko barabarani. Wengi wetu tunawapa ile ya kwanza tu, tena na tena, na ndiyo inayowachosha.

Kabla hujampigia mtu

Rafiki hawezi kukusaidia ukiwa umeshagongwa. Gari likianza kufa, washa taa za hazadi mara moja na utumie mwendo uliobaki kulitoa nje ya njia. Usisubiri lizime kabisa katikati. Likishasimama, shuka kwa mlango wa upande usio na magari yanayopita. Weka pembetatu nyuma, umbali wa kutosha kwa dereva anayekuja kasi kupunguza mwendo. Kwenye barabara kuu mimi nahesabu hatua ndefu hamsini, na kwenye kona au mteremko naenda mbali zaidi. Matawi ya miti ni alama inayoeleweka na kila dereva wa hapa, lakini ukiondoka yaondoe. Nimewahi kuyakwepa usiku, gari lenyewe halipo tena.

Abiria wakae mbali na gari, si ndani yake na si mbele yake. Mama mkubwa alikataa kushuka usiku ule kwa sababu ya baridi. Nilimwomba mara tatu, nikamfunika kanga mbili, tukakaa juu ya tuta. Ukiona mahali pana hatari, polisi ni 112.

Halafu tulia dakika tano uangalie mambo manne: gari lilikufa ghafla au lilidhoofika polepole? Taa gani ziliwaka kwenye dashibodi? Ukigeuza ufunguo sasa hivi, linalia nini? Kuna harufu, moshi au maji chini? Majibu haya ndiyo yanayoamua umpigie nani.

Mjue nani ana nini

Fanya hili leo, gari likiwa bado linatembea. Chukua karatasi uandike marafiki, majirani, wafanyakazi wenzako na ndugu, si kwa ukaribu wa moyo bali kwa kile mtu alichonacho. Nani ana gari lenye nguvu ya kuvuta? Nani ana nyaya za kubusti betri, yaani kuwashia gari lako kwa umeme wa betri ya gari lingine? Nani anamjua fundi umeme wa uhakika? Nani anakaa karibu na njia unayopita kila siku? Nani anaweza kulala macho, na nani ana mtoto mchanga ambaye simu ya usiku itamwamsha? Nani ana uwani ambamo gari linaweza kukaa siku mbili chini ya ulinzi?

Mimi nilipoandika nilishangaa. Rafiki yangu wa tangu sekondari, ambaye ndiye niliyekuwa nampigia kila mara, hakuwa na nyaya, hakuwa na kamba, na alikuwa akikaa Kigamboni. Nilikuwa nampigia kwa sababu hanikatalii. Wakati huohuo jirani wa nyumba ya tatu, ambaye tulikuwa tukisalimiana tu, alikuwa na pikapu, jeki kubwa na kamba ya kuvutia.

Gawanya mzigo kwa makusudi. Mtu mmoja asikutoe mara mbili mfululizo kama kuna mwingine anayeweza. Tena usidhani mtu asiye na gari hana cha kukupa. Aliyekaa na watoto wangu siku niliposhinda gereji alinisaidia sawa na aliyenivuta.

Simu yenyewe

Simu mbaya huanza hivi: "Kaka, uko wapi? Uko bize?" Mtu hajui unataka nini, hivyo hajui ajibu nini. Akisema hayuko bize amenaswa, akisema yuko bize anajisikia vibaya. Sema jambo lote kwa pumzi moja na umpe mlango wa kutokea:

"Kaka, habari ya saa hizi. Gari limezima Mbezi, kituo cha mafuta upande wa kwenda mjini. Stata inalia tik tik, nadhani ni betri. Nahitaji mtu mwenye nyaya, kazi ya dakika ishirini. Kama huwezi sema tu, nina mtu mwingine wa kumuuliza."

Sentensi ya mwisho iwe kweli. Halafu tuma mahali ulipo kwa WhatsApp, taja upande wa barabara, na useme simu yako imebaki na chaji kiasi gani. Kwenye Barabara ya Morogoro upande wa barabara ni jambo kubwa: rafiki akikosea upande, kugeuza kunaweza kumchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Mpigie mmoja, subiri jibu, ndipo umpigie mwingine. Usiku ule wa Kibaha niliwapigia watatu kwa mpigo kwa woga. Wawili walifika. Mmoja alikuwa ameacha chakula mezani, akakuta mwenzake ameshanifunga kamba. Hakusema kitu, lakini niliona.

Kubusti betri

Hili ndilo tendo ambalo marafiki hufanyiana zaidi, na ndilo linaloharibu vitu vya watu zaidi likifanywa kwa papara. Hakikisheni magari yote ni ya volti 12. Lori nyingi zinatumia 24, usikubali ukarimu wa dereva wa lori. Kama gari la rafiki ni haibridi, lile lenye injini na mota ya umeme, msilitumie kubustia gari lingine mpaka kitabu chake kimesema inaruhusiwa. Betri ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, acheni kabisa. Msivute sigara karibu, betri hutoa gesi inayolipuka.

Yakaribisheni magari yasigusane. Zimeni yote mawili, taa, redio na AC pia. Kisha fuateni mpangilio huu bila kuubadilisha: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, ncha ya mwisho ya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Mguso wa mwisho hutoa cheche, na hutaki cheche hiyo itokee juu ya betri.

Washeni gari lenye betri nzima, liungurume dakika tano au zaidi, ndipo ujaribu lako. Usishike stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Likiwaka, ondoeni nyaya kwa kurudi nyuma: ya mwisho kufungwa ndiyo ya kwanza kutoka.

Sasa usimwache rafiki aondoke bado. Kama mmoja wenu ana mita ndogo ya umeme, pimeni betri huku injini inawaka. Kwa kawaida inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na pointi na inazidi kushuka, chaji haifiki, na gari litazima tena njiani. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma karibu 12.6 imejaa, ikiwa 12.2 imeshafika nusu. Mita hiyo ni ya bei ndogo, na kama kuna kitu kimoja cha kununua baada ya kusoma hapa, nunua hicho. Mimi ningekuwa nayo tangu siku ya kwanza, nisingenunua betri mpya ambayo sikuihitaji.

Kuvutwa

Kwanza uliza kama gari lako linavutika. Automatiki nyingi haziruhusiwi kuvutwa mbali magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu oili ya gia boksi huzungushwa injini ikiwaka. Ikizima, gia zinajisaga kavu. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele huinuliwa mbele. Linaloendeshwa na yote manne hupakiwa juu ya gari la kubebea. Kitabu cha gari kinasema mwendo na umbali, na kama huna kitabu hesabu kwamba ni mwendo wa taratibu kabisa na mita chache za kukutoa kwenye hatari. Zaidi ya hapo ita bredauni, lile gari la kubebea magari mabovu. Gharama yake inauma, lakini gia boksi inauma zaidi, na usimwombe rafiki akusaidie kuiua.

Kwa gari linalovutika: kamba iwe na urefu wa mita nne au tano, ifungwe kwenye ndoano za kuvutia, si kwenye bampa wala kwenye mikono ya magurudumu. Ning'iniza kitambaa chekundu katikati. Ufunguo uwe umewashwa ili usukani usijifunge, gia iwe nyutro, hendibreki chini. Jua kabla ya kuanza kwamba injini ikiwa imezima, usukani utakuwa mzito na breki, baada ya kukanyaga mara chache, zitakuwa ngumu kama jiwe. Anayekaa gari la nyuma awe dereva mwenye nguvu na uzoefu kuliko wote, si anayebaki baada ya wengine kuchagua. Kubalianeni alama: honi moja simama, taa mbili punguza. Aliye nyuma ndiye anayeitunza kamba isilegee kwa kugusa breki kidogo kidogo.

Na mteremko? Msivutane kwa kamba kwenye mteremko mrefu, hata mkiwa mmebakiza kilomita moja kufika.

Likichemsha

Hapa rafiki mzuri ni yule anayekuzuia. Mshale ukipanda, zima AC, washa hita hata kama ni Januari na jasho linakutoka, tafuta pa kusimama, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yana shinikizo na yatakuunguza uso. Subiri nusu saa au zaidi mpaka uweze kushika bomba la juu kwa mkono bila kuuondoa.

Likishapoa, mwombe mwenzako akae ndani awashe gari na AC, wewe uangalie feni. Kama feni haizunguki, fungua sanduku la fyuzi: mara nyingi relei ya feni, ile swichi ndogo inayoipelekea umeme, inafanana na ya honi, na mkizibadilisha mtajua kama relei ndiyo mbovu. Kama moshi mweupe unatoka nyuma bila kukoma, au oili imekuwa kama maziwa ya chai, usiwashe tena. Huenda hiyo ni gasketi ya injini iliyoungua, na kila dakika ya kuendesha inaongeza bili.

Kutafuta mzizi

Hii ndiyo sehemu ninayoomba usiiruke. Gari likizima mara tano, ni rahisi kuamini kwamba lina magonjwa matano. Mara nyingi ni moja. Lakini kwa kuwa kila rafiki ameona tukio lake peke yake, na kila fundi amesikia habari ya siku hiyo tu, hakuna mwenye picha nzima. Picha nzima unatakiwa kuwa nayo wewe.

Tafuta daftari la shule, la kurasa arobaini linatosha. Kila tukio liandikie tarehe, saa, mahali, gari lilikuwa la moto au la baridi, mvua ilinyesha au la, nini kiliwaka kwenye dashibodi, nini kilifanyika, nani alifanya, kifaa gani kilibadilishwa na kwa bei gani. Piga picha dashibodi. Rekodi sauti ya stata kwa simu; fundi akisikia tik tik mfululizo anafikiri jambo moja, akisikia mlio mmoja mzito anafikiri jingine.

Kisha waombe marafiki wawili au watatu wenye akili ya kuhoji waje jioni moja, chai ipo, wasome daftari. Si lazima wawe mafundi magari. Mimi mtu aliyenisaidia ni fundi umeme wa majumbani. Alisoma kurasa mbili akauliza swali ambalo mafundi wawili hawakuuliza: "Betri mpya, oltaneta mpya, na bado. Hivi njia ya kurudi umeme umeiangalia?" Oltaneta ni ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka; kwa njia ya kurudi alimaanisha waya wa ethi, ule mweusi mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini.

Tulifanya hivi, na wewe unaweza kufanya. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja gusa hasi ya betri, nyingine gusa chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata. Waya ukiwa mzima, mita itasoma kidogo sana, volti 0.2 hivi. Ikipita nusu volti, umeme unakwama njiani. Yangu ilisoma 1.4. Tulipofungua ile bolti chini ya betri, waya ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani mpaka zimebaki nyuzi chache. Hewa ya chumvi ya pwani ndiyo kazi yake. Waya mbovu ulikuwa unaizuia oltaneta isijaze betri vizuri na unainyima stata nguvu, kwa hiyo kila fundi alikuwa sahihi kwamba betri imelala, ila hakuna aliyejua ni nani anayeilaza.

Mfano mwingine wa kazi ya watu wawili: gari linamisi, yaani injini inakatakata, taa ya injini inawaka, na mnaye rafiki mwenye kifaa cha kusomea makosa. Kikisoma P0302, silinda ya pili haichomi. Usikimbilie kununua koili nne, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha ya pili uipeleke ya tatu, futa kosa, endesheni kidogo, someni tena. Kosa likihamia P0303, koili ndiyo mgonjwa. Likibaki P0302, angalieni plagi au nozeli inayopulizia mafuta. Namba ya kosa inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba, na watu wengi wamenunua vifaa wasivyohitaji kwa kudhani inaonyesha nyumba.

Gereji na spea

Nenda na mtu. Si kwa sababu mafundi ni wabaya. Wengi ni watu wa kazi wanaobuni kwa vifaa vichache. Ni kwa sababu wewe mwenye gari umechoka, una haraka, na ukiambiwa "hii imekufa bosi" utasema badilisha. Mwenzako hana haraka hiyo. Kazi yake ni kuuliza maswali matatu: umejuaje, naomba nione, na kisipokuwa hicho itakuwaje? Kifaa cha zamani kirudishwe mkononi mwenu, hata kama ni kichafu.

Spea, ukienda eneo la Gerezani, Kariakoo, nenda na kile cha zamani au picha yenye namba yake. Utaulizwa unataka mpya au ya mtumba wa Japani, na jibu halifanani kwa kila kifaa. Mimi kwa koili, oltaneta na vioo nitachukua mtumba asili kabla ya mpya nisiyoijua. Kwa breki, mikanda, bomba za maji na filta, mpya tu. Muulize muuzaji siku ngapi anapokea kikirudi, na aandike kwenye risiti. Dada yangu alitajiwa bei moja, nami baada ya nusu saa nikatajiwa nyingine kwa kifaa kilekile duka lilelile. Tangu hapo tunaulizia kwa simu maduka matatu kabla ya kutoka nyumbani.

Chagueni fundi mmoja kwa wakati mmoja. Kila rafiki ana "fundi wake wa uhakika" na kila mmoja atakusukuma kwake. Shukuru, andika namba, lakini usiruhusu mafundi watatu wafungue gari moja wiki moja. Hakuna atakayekubali kwamba bolti iliyolegea ni yake.

Na kama rafiki yako ndiye fundi, mlipe. Mlipe kabla hajataja bei, mlipe bei ya mteja, na uende saa zake za kazi. Rafiki fundi hula kwa mikono yake, na kila Jumapili anayoitoa bure kwako ni Jumapili aliyowanyima watoto wake.

Lifti na gari la kuazima

Gari likiwa gereji, usiwe abiria wa mtu mmoja. Mimi nakaa Kimara na mabasi ya mwendokasi yanaondoka hapa hadi Kivukoni, kwa hiyo siku za kawaida sikuwa na sababu ya kumtoa mtu Tabata aje kunichukua. Lifti niliiomba kwa mambo mawili: kumpeleka mama kliniki na siku ya mvua kubwa na watoto. Ukipewa lifti, msubiri mwenye gari barabarani, asikusubiri wewe. Changia mafuta kwa kumwekea moja kwa moja kituoni, maana ukimpa pesa mkononi atakataa.

Gari la kuazima ni amana nzito. Kabla hujakabidhiwa funguo, zungumzeni waziwazi. Leseni yako iwe hai na ya daraja linalofaa. Hakikini bima mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na muulize mwenyewe kama ni kubwa au ya mtu wa tatu tu. Ikiwa ni ya mtu wa tatu, ukiligonga gari la rafiki hakuna wa kulitengeneza ila wewe. Lisemeni hilo kwa sauti. Angalieni deni la faini kwa namba ya gari siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Faini ya kosa la barabarani inaandikwa kwenye gari, kwa hiyo mwenye gari ndiye atakayeikuta. Piga picha pande zote nne na mshale wa mafuta. Usimwazime mwingine. Lirudishe siku uliyosema, limeoshwa, na mafuta zaidi ya uliyoyakuta.

Likiharibika mikononi mwako, mpigie mwenyewe kabla ya fundi. Anaujua ugonjwa wake.

Pesa

Aliyekupa gari au usiku wake usimkope na fedha. Tafuta mwingine. Kama mko kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, omba kubadilishana zamu kabla ya kukopa mtu mmoja mmoja. Wanachama wengi wanaelewa shida ya gari kuliko shida isiyo na jina. Unapokopa, taja kiasi, sababu na tarehe, na utume ujumbe wa maandishi hata kama mkopeshaji anasema haina haja. Kama tarehe itakushinda, mwambie siku mbili kabla. Mtu anayesubiri pesa iliyochelewa huona kila picha unayoweka mtandaoni.

Nauli na vocha za waliokuja kukusaidia ni deni pia, hata kama hawakulitaja. Nilipojumlisha kwenye daftari langu, mafuta ya marafiki yalikuwa yamezidi mara nyingi sana bei ya waya uliokuwa unanitesa.

Gari likipona

Kuna hatua ambayo karibu kila mtu anaisahau: kuwaambia. Marafiki wanabaki na wasiwasi wako, wengine wanaogopa hata kupokea simu yako usiku. Waambie gari lilikuwa na nini, kwa lugha wanayoielewa, maana na wao wana magari na hewa ya chumvi ni ileile. Mimi nilituma picha ya ule waya ulioliwa. Wawili walienda kufungua boneti zao jioni ileile. Mmoja akakuta wake umeanza.

Rudisha vitu: kamba, jeki, nyaya, spana namba kumi iliyobaki kwenye buti. Kisha nunua vya kwako na uviweke ndani ya gari. Mimi buti langu sasa lina nyaya nene za kubustia, kamba, pembetatu mbili, tochi, glavu, mita, lita tano za maji na kanga mbili.

Wiki iliyofuata, saa nne usiku, jirani wa pikapu alinipigia. Alikuwa Mbezi karibu na kituo cha mabasi cha Magufuli, upande wa kwenda Kibaha, stata inalia tik tik. Alikuwa amesema yote kwa pumzi moja. Nilichukua funguo.